Kamati ya Bomba Namba Saba

Mimi ndiye karani: daftari la mistari,
kalamu iliyofungwa uzi isije ikahama,
na lugha nne nilizookota njiani nikikimbia.
Nakivale, alfajiri. Madumu ya njano yamejipanga
kutoka bombani hadi kibanda cha kuchaji simu.

Mwalimu Gemechu, aliyefundisha jiografia kwao
hadi ramani yake ikawa kosa la jinai,
hutuhubiria foleni:
"Siku moja dunia itakuwa na serikali moja.
Bunge moja, sarafu moja, pasipoti hakuna.
Dunia imeshakuwa kijiji, imebaki kupata mtendaji."

Hodan anacheka, anasukuma dumu kwa mguu:
"Na ufunguo atashika nani?"

Maana habari za ufunguo hapa tunazijua.
Mwaka wa kwanza alishika Bashige;
maji yakawa ya shemeji zake.
Wa pili tukampa mlokole, mtu wa kufunga na kuomba.
Akafunga: bomba, siku tatu.
Akaomba: shilingi mia mbili kila dumu.
Wa tatu Hodan akasema, tieni kufuli mbili,
funguo mbili, wapeni watu wawili wasiopendana.
Tangu hapo maji hutoka.
Kwa kuchelewa, kwa manung'uniko, lakini hutoka.
Niliandika: Kutopendana kumepita, kura thelathini na moja kwa tisa.

Kiangazi Tumuhimbise akaja na ng'ombe,
mwenyeji, mtu wa ng'ambo ya kilima.
Katiba yetu haikuwa na kifungu cha ng'ombe.
"Ng'ombe si mkimbizi," mmoja akapinga.
"Wala si mgeni," akajibu, "wewe ndiye mgeni."
Tulikaa hadi jua la utosi
kuamua nani ana kiu zaidi.
Wanywe jioni, tukasema, watoto wakishamaliza.
Kifungu cha kumi na nne. Kina tope la kwato pembeni.

Mwalimu, nami nina neno.
Usiku ule wa Bunagana nilikuwa na mtoto mgongoni
na risasi nyuma ya mtoto.
Mpaka ulikuwa kamba. Kamba tu, ya katani,
kutoka mti hadi mti.
Nikapita chini yake. Walionifukuza wakasimama.
Walisimama, Mwalimu!
Kamba iliwaambia: huku si kwenu.
Sasa ukizikata kamba zote,
siku serikali yako moja ikinikasirikia
nitakimbilia wapi? Mwezini?

Alinyamaza. Dumu la mtu likajaa, likafurika,
hakuna aliyelikemea.
Kisha taratibu: "Na wale ambao kamba iliwazuia?"

Nikamkumbuka Nsimire, dada yangu,
aliyefika mchana, askari wameshaamka.
Kamba ile ile.

Hatukumalizana. Kila alfajiri tunaanza upya,
yeye na bunge lake, mimi na kamba yangu,
na wajukuu watakaorithi mojawapo
au wakose zote mbili.

Ila nimeona jambo moja, dogo, niliseme.
Asiye na dumu huweka jiwe foleni.
Juzi jiwe la Nduwimana lilikaa bila mwenyewe;
uchungu ulimshika usiku, wakampeleka zahanati.
Watu waliolala wakiota kwa lugha kumi na moja
wakalisogeza kwa ncha za vidole vya miguu,
hatua, hatua, nyuma ya dumu, mbele ya dumu.
Hapakuwa na amri. Hakuna aliyeliruka.

Zamu yake ikafika. Kufuli zote mbili wazi.
Tukatazamana: jiwe halina mdomo, tutalitilia wapi?
Tumuhimbise akanung'unika kwa Kinyankole,
neno nisilolitafsiri,
akatoa debe lake la maziwa, akalisuuza, akakinga.

Nikaandika. Jina: jiwe. Maji: debe moja.
Safu ya uraia nikaiacha wazi,
kalamu iligoma, au mimi.